Televisheni Katika Gari-nyumba: Wingi wa Stesheni Si Kipimo

Kila majira ya baridi yanapoingia, wastaafu wengi wa Marekani huziacha nyumba zao za kaskazini, wakaingia katika magari yenye kitanda, jiko na choo, wakaelekea kusini kulifuata jua la Florida, Texas na Arizona. Magari hayo, ambayo hapa tutayaita magari-nyumba, mengi yake huundwa katika eneo la Elkhart, jimbo la Indiana. Karibu na mji mdogo wa Quartzsite, Arizona, serikali imetenga ardhi ya jangwa ambako mwenye kibali aweza kukaa na gari lake tangu tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili. Wapo pia watu ambao hawana makazi mengine. Gari ndiyo nyumba yao ya mwaka mzima. Na wapo madereva wa malori ya masafa marefu, miongoni mwao ndugu zetu waliotoka Afrika Mashariki na Kongo, ambao hulala siku nyingi ndani ya malori yao kuliko vitandani mwao.

Watu hao wote hufika siku moja dukani wakiwa na swali lile lile: huduma gani ya televisheni ya satelaiti inawafaa? Aghalabu muuzaji huwajibu kwa kuwatajia idadi ya stesheni, mia mbili hapa, mia tatu pale, na bei ya mwezi. Sisi tunaona kwamba jibu hilo halitoshi. Mtu asiyelala mahali pamoja hana budi kuuliza kwanza jambo jingine: huduma hii itanieleza nini juu ya mahali nilipolala usiku wa leo? Asipouliza hivyo, aweza kununua starehe nyingi na kukosa habari moja ambayo ingemwokoa.

Ili tufahamiane vyema, yafaa tueleze jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Satelaiti za televisheni huwekwa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kilometa zipatazo 36,000 kutoka ardhini. Hapo huzunguka kwa mwendo ule ule wa dunia, kwa hiyo machoni petu huonekana kama zimesimama. Msomaji wa Nairobi hana taabu kubwa, kwa kuwa satelaiti ya digrii 36 mashariki, inayomletea matangazo ya DStv, iko karibu utosini mwake. Nchini Marekani mambo ni tofauti. Kule dishi hutazama upande wa kusini, na kila unapokwenda kaskazini ndivyo linavyozidi kuinama. Satelaiti ya DIRECTV iliyoko digrii 101 magharibi huonekana Miami kwenye kimo cha digrii 50 na ushei. Mjini Anchorage, Alaska, kimo chake ni kama digrii 10 tu, na kilima kidogo chatosha kuificha. Mti mmoja wenye majani mengi, ukiwa upande wa kusini wa gari, hukata picha kabisa. Kwa hiyo msafiri apendaye kuegesha msituni ajue mapema kwamba kivuli na televisheni ya satelaiti ni vitu visivyopatana.

Vyombo vyenyewe ni vya namna mbili kubwa. Kwanza lipo dishi la kawaida, ambalo msafiri hulisimamisha chini juu ya miguu mitatu na kulielekeza mwenyewe kwa dira na kwa subira. Bei yake ni nafuu, na kwa ukubwa wake hupokea vizuri. Pili lipo kuba la plastiki, ambalo ama hufungwa juu ya paa ama hubebwa mkononi, na ndani yake mna dishi dogo linaloitafuta satelaiti lenyewe kwa mota. Hilo humpunguzia mtu kazi, hasa mzee ambaye hapendi kuhangaika nje gizani. Lakini ni ghali zaidi, na udogo wa dishi lake hulifanya lishindwe upesi zaidi mvua inapokuwa nzito.

Tena si kila kuba hufaa kwa kila kampuni. Makampuni makubwa mawili ya kazi hiyo Marekani ni DIRECTV, iliyoanza kutangaza mwaka 1994, na DISH, iliyoanza mwaka 1996. Picha za DIRECTV zilizo safi zaidi hutoka kwenye satelaiti za digrii 99 na 103 magharibi kwa masafa yaitwayo Ka, na makuba madogo ya kubebwa hayakuundwa kwa masafa hayo. Anayeitaka huduma hiyo kwa ukamilifu hulazimika kupata dishi kubwa zaidi, la miguu mitatu au la kufunguka juu ya paa. DISH hutumia masafa ya Ku, na ndiyo sababu makuba mengi ya wasafiri yametengenezwa kwa ajili yake. Mnunuzi akumbuke pia kwamba makampuni haya yenyewe hayajatulia. Mnamo Septemba 2024 ilitangazwa kwamba DIRECTV ingeinunua DISH. Kufikia Novemba mwaka huo huo mpango ulikuwa umevunjika. Mwenye kununua kuba la bei kubwa lisiloweza kutumika ila kwa kampuni moja, anaifunga fedha yake kwenye bahati ya kampuni hiyo.

Sasa tuingie katika kiini cha hoja yetu. Marekani imegawanywa katika maeneo 210 ya matangazo, na kila eneo lina stesheni zake zinazotoa habari za miji yake, barabara zake na hali yake ya hewa. Stesheni za taifa zima, kama vile CNN na ESPN, humwagwa na satelaiti juu ya nchi nzima. Lakini stesheni za maeneo hupelekwa kwa miali myembamba, kila mwali ukilenga sehemu yake tu. Basi mtu atokaye Ohio kwenda Arizona atabaki na michezo na sinema zake zote, ila stesheni za kwao zitazimika njiani, na zile za Arizona hazitawaka zenyewe.

Njia za kulitatua jambo hilo ni mbili. Ya kwanza ni msafiri kuiarifu kampuni yake kila anapohama, ili ifungue stesheni za mahali alipofika. Ya pili inatokana na sheria. Mwaka 1988 Bunge la Marekani liliruhusu watu wasiofikiwa vyema na stesheni za karibu wapelekewe kwa satelaiti matangazo ya stesheni za mbali. Mwishoni mwa mwaka 2019 Bunge liliipunguza ruhusa hiyo, ikabakia kwa magari-nyumba, malori ya biashara na maeneo machache yasiyo na stesheni kamili, lakini likaifanya kuwa ya kudumu. Mwenye gari hutakiwa kutoa tamko lenye sahihi yake pamoja na nakala ya usajili wa gari. Akishakubaliwa, aweza kutazama stesheni za New York au Los Angeles popote alipo.

Njia hii ya pili ni nyepesi, na wengi huipenda. Hata hivyo ndani yake mna mtego. Stesheni ya New York humweleza mtu habari za mvua ya New York. Haitamwambia kwamba kisulisuli kile kikuu kiitwacho tornado kimeonekana kilometa 20 kutoka kambi yake ya Oklahoma. Tarehe 22 Mei 2011 tornado iliupiga mji wa Joplin, jimbo la Missouri, na watu zaidi ya 150 wakapoteza maisha. Wataalamu wa hali ya hewa huwahimiza walio katika nyumba za kuhamishika na magari watoke mapema waende kwenye jengo imara. Mtu atatokaje mapema ikiwa televisheni yake inazungumza juu ya mji mwingine? Na si hilo tu. Mawingu mazito ya dhoruba ndiyo hasa hukata mawimbi ya satelaiti, kwa hiyo chombo hicho chaweza kunyamaza katika saa ile ile kinapohitajiwa.

Wapo wanaosema kwamba mambo hayo yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa tangu Mei 2022 Starlink imekuwa ikiuza huduma ya intaneti kwa magari-nyumba. Ni kweli kwamba satelaiti zake huruka chini zaidi, kwenye kimo cha kilometa 550 hivi, na kwamba kwa intaneti mtu hupata televisheni, barua na mazungumzo pamoja. Lakini nayo hutaka anga iliyo wazi, na antena yake hula makumi ya wati saa zote inapofanya kazi. Aliyeegesha jangwani akitegemea betri na jua apige hesabu hiyo kabla ya kulipa.

Kuhusu malipo, neno letu ni fupi. Anayesafiri miezi minne kwa mwaka asikubali kufungwa na mkataba wa miezi 24, ambao kwa muda mrefu umekuwa desturi ya huduma za nyumbani. Atafute mpango wa kulipia mwezi kwa mwezi, kama ule ambao DISH imeuweka kwa wasafiri, na aulize kwa maandishi kama kuna ada ya kufungua tena baada ya kusimamisha. Pensheni haiongezeki kwa sababu mwenyewe amehama.

Lakini wasia wetu mkubwa ni huu: usiache mbachao kwa msala upitao. Magari-nyumba mengi hutoka kiwandani yakiwa na antena ya kawaida juu ya paa, inayopokea stesheni za karibu bila malipo yoyote. Antena hiyo hudharauliwa siku dishi linaponunuliwa. Isidharauliwe. Msafiri akifika mahali papya, airuhusu televisheni yake itafute stesheni upya. Ndani ya dakika chache atapata habari za hapo alipo. Aongeze redio ndogo ya hali ya hewa, inayopokea matangazo ya serikali kati ya megahezi 162.400 na 162.550, usiku na mchana. Tena kabla ya kulala aulize jina la kaunti aliyomo, maana tahadhari hutolewa kwa majina ya kaunti, na mgeni asiyelijua jina hilo aweza kusikia onyo lake mwenyewe akadhani ni la wengine.

Akishayatimiza hayo, na achague satelaiti aipendayo kwa mpira wake na sinema zake, hatumwonei kijicho. Nasi tunawaomba wasomaji wetu wenye jamaa kwenye barabara za Marekani wawaulize, watakapopigiana simu, si wanatazama stesheni ngapi, bali kama wanalijua jina la kaunti waliyolala.