Kongwa: Kutoka Mradi wa Karanga hadi Kambi ya Wapigania Uhuru

Mji mdogo wa Kongwa, ulio chini ya kilomita 100 mashariki mwa Jiji la Dodoma, una nafasi katika historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika ambayo wapita njia wengi hawaitambui. Nafasi hiyo ilitokana na mradi wa kikoloni ulioshindwa.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha Kongwa mradi mkubwa wa kilimo cha karanga. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, baadhi yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, na reli ya tawi ikajengwa kuunganisha eneo hilo na Reli ya Kati. Hata hivyo, udongo wa Ugogo hukauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua zake si za kutumainiwa. Wagogo, waliokuwa wakilima uwele na mtama huku wakifuga ng'ombe, walilijua hilo tangu enzi za mababu, hawakuulizwa. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36, na reli nayo ikafungwa baadaye.

Yaliyobaki ni majengo, na hayo ndiyo yaliyobadili historia ya mji.

Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliundwa, na Kamati yake ya Ukombozi ikawekwa Dar es Salaam. Vyama vya ukombozi vilihitaji mahali pa kuwahifadhi vijana waliokuwa wakirejea kutoka mafunzo ya kijeshi nje ya nchi. Kongwa ilifaa: ipo katikati ya nchi, mbali na mipaka iliyokuwa mikononi mwa wakoloni, na ilikuwa na majengo yaliyoachwa, likiwamo la stesheni ya reli. FRELIMO ya Msumbiji ilitangulia, zikafuata SWAPO ya Namibia na ANC ya Afrika Kusini. MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe nazo zilipata nafasi.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi na jeshi hilo likavunjwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliundwa Septemba mwaka huo. Taifa lililokuwa likijenga jeshi lake upya lilikubali kuwa na wapiganaji wa mataifa mengine ndani ya ardhi yake.

Waliopita Kongwa ni pamoja na Samora Machel, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975, na Chris Hani wa ANC. Kutoka kambini hapo ndipo walipotoka wapiganaji wa kwanza wa SWAPO walioingia Namibia na kupigana Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966, siku ambayo Namibia huiadhimisha hadi leo kuwa Siku ya Mashujaa.

Maisha ya kambi hayakuwa ya mafunzo pekee. Wapiganaji walinunua mahitaji kwa wenyeji, wakajifunza Kiswahili, na wengine wakaanzisha familia mjini. Walipohamishiwa Zambia au kurejea makwao, baadhi ya wanawake na watoto walibaki Kongwa. Sehemu hii ya historia haisimuliwi sana katika hotuba, ingawa ndiyo iliyo karibu zaidi na wananchi wa mji huo, na wazee wanaoikumbuka wanazidi kupungua.

Eneo la kambi sasa ni miongoni mwa maeneo yanayotambuliwa na Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, inayoratibiwa na Tanzania. Hapo pana makaburi ya wapigania uhuru waliofariki kabla ya nchi zao kuwa huru.