Sare iwe ya kweli hata kama adui ni zimwi

Anayeketi mezani kucheza The Silver Bayonet huongoza kikosi kidogo cha askari wasiofika kumi. Mchezo huo ulitungwa na Joseph A. McCullough na kuchapishwa na kampuni ya Osprey ya Uingereza mwaka wa 2021. Vita vyenyewe ni vile vya Napoleon Bonaparte, vilivyoitikisa Ulaya kati ya 1803 na 1815. Hata hivyo, adui anayejitokeza gizani huenda asiwe Mfaransa wala Mwingereza. Huenda akawa mzuka, mtu anayegeuka mbwamwitu, ama mnyonya damu wa jamii ya yule ambaye masimulizi ya pwani yetu humwita mumiani.

Risasi ya kawaida haitoshi kummaliza kila adui wa aina hiyo. Kuna anayeogopa moto na kuna anayeogopa fedha. Ndiyo maana mchezo ukaitwa singe ya fedha, singe ikiwa ni kile kisu kinachochomekwa kwenye mdomo wa bunduki.

Askari na mazimwi hao ni vijisanamu vya plastiki au madini, vyenye kimo cha milimita 28 hivi, na aghalabu huuzwa bila rangi. Kazi ya kuvipaka ni ya mwenyewe, na wapo wanaoipenda kuliko mchezo wenyewe. Jambo linalowashangaza wageni wa sanaa hii ni jinsi wapakaji wanavyosaka rangi kamili ya kola ya askari atakayepigana na mzuka. Ikiwa mizuka imeruhusiwa, kola ina kazi gani?

Kwanza ikumbukwe kwamba mazimwi hayo hayakuchukuliwa kutoka enzi nyingine na kubandikwa kwa Napoleon. Mwaka wa 1799, mchoraji Francisco Goya wa Uhispania alitoa Los Caprichos, mkusanyo wa picha zilizojaa wachawi na viumbe wa usiku. Kuanzia 1810, mkono uleule ulichora maiti na mateso ya vita baada ya majeshi ya Napoleon kuivamia nchi yake. Aprili 1815, volkano ya Tambora ililipuka katika nchi ambayo leo ni Indonesia, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi. Katika baridi na mvua hiyo, karibu na Geneva, Mary Shelley alianza kuandika Frankenstein, riwaya iliyochapishwa 1818. John Polidori, aliyekuwa naye huko, alichapisha hadithi ya mnyonya damu mwaka wa 1819. Watu walioishi katika vita hivyo ndio walioziota jinamizi hizo.

Sare nazo zilikuwa na sababu. Baruti ya wakati huo ilitoa moshi mzito, na kamanda alihitaji kuwatofautisha watu wake na maadui kutoka mbali. Kwa jumla, askari wa miguu wa Uingereza walivaa koti jekundu, wa Ufaransa na Prussia buluu, wa Urusi kijani kibichi na wa Austria nyeupe. Rejimenti ya 95 ya Uingereza, ambayo kazi yake ilikuwa kutangulia, kujibanza na kulenga shabaha, ilivaa kijani kilichokolea chenye kola nyeusi.

Rangi hizo zilifuata mfuko pia. Koti la askari wa kawaida wa Uingereza lilitiwa wekundu wa mizizi ya mmea, ambao ulichujuka haraka na kukaribia rangi ya tofali. Koti la afisa lilitiwa wekundu wa wadudu walioletwa kutoka bara la Amerika, ukang'aa na kudumu. Ufaransa ilitegemea nili iliyovuka bahari. Nili hiyo ilipoadimika kwa sababu ya vita vya baharini, Napoleon aliamuru mwaka wa 1806 sare nyeupe zitumike, na baadhi ya rejimenti zikavishwa kabla ya mpango huo kuachwa. Kwa hiyo mpakaji anayetumia wekundu mmoja kwa afisa na kwa askari wake amefuta tofauti ya cheo ambayo kila aliyekuwa vitani aliiona.

Kazi yenyewe huanza kabla ya brashi kuguswa. Kijisanamu husafishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha mistari iliyoachwa na kalibu hukwanguliwa kwa kisu au tupa. Hubandikwa juu ya kifuniko cha chupa ili kishikike bila kuguswa, halafu hupakwa rangi ya msingi, nyeusi, nyeupe au kijivu. Bila tabaka hilo rangi hubambuka upesi.

Rangi zinazotumiwa sana ni za akriliki, ambazo huchanganywa na maji. Kanuni kuu ni kupaka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito, kwa maana nzito huziba vifungo na mikunjo ya nguo. Nyekundu haifuniki vizuri, hivyo hutanguliwa na kahawia. Nyeupe hujengwa juu ya kijivu, na nyeusi huinuliwa kwa kijivu kidogo kingoni, la sivyo kofia na viatu huonekana kama mashimo.

Kwa nini kupaka kivuli juu ya kitu ambacho tayari kina kivuli chake? Sababu ni kimo. Mikunjo ya koti la mtu mzima huzuia mwanga kiasi cha kuonekana kutoka mbali, lakini ile ya mtu wa milimita 28 ni myembamba mno. Mpakaji hulazimika kumwaga rangi ya majimaji iliyokolea ili itulie mabondeni, kisha kugusa vilele kwa rangi iliyofifia. Mwishoni vanishi huilinda kazi isichubuliwe na vidole vya wachezaji.

Tahadhari moja isipuuzwe. Wengi huchonga ncha ya brashi kwa midomo, ilhali baadhi ya rangi zina kemikali zisizofaa kumezwa, na vijisanamu vya zamani vilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Vumbi la tupa nalo halipaswi kuvutwa puani.

Zamu ya mazimwi ifikapo, mpakaji hupata uhuru, nao uhuru huo una mipaka. Mzuka hupakwa nyeupe, kisha kijani au buluu nyepesi humwagwa mikunjoni hadi uonekane kama ukungu. Maiti inayotembea ni mtihani mkubwa zaidi. Ilikuwa askari kabla ya kuwa zimwi, kwa hiyo koti lake libaki la rejimenti yake, ila lipauke na kuchafuka udongo. Mwaka wa 1812 zaidi ya askari 400,000 waliingia Urusi na Napoleon, na sehemu ndogo tu ikarudi. Wakati wa kurejea, baridi iliwafanya wajifunike chochote walichopora Moscow, hata manyoya ya wanawake na mazulia. Zimwi lililovikwa hivyo humtisha anayelitazama, kwani anatambua lilikuwa nani.

Suala la ngozi ni zito kuliko yote. Chupa ya rangi ya waridi ndiyo inayofikiwa kwanza, na meza nzima hujaa watu weupe. Kumbukumbu zinasema vingine. Kati ya 1795 na 1807, serikali ya Uingereza ilinunua Waafrika watumwa wapatao 13,400 ili wawe askari wa rejimenti zake za West Indies. George Rose, aliyezaliwa utumwani Jamaica, alipigana katika rejimenti ya 73 na kujeruhiwa huko Waterloo, Juni 1815. Haiti nayo ilijipatia uhuru Januari 1, 1804, baada ya kulishinda jeshi ambalo Napoleon alilituma. Tone la rangi ya kahawia mahali panapostahili ni kumrudisha mtu aliyefutwa.

Kwamba vijisanamu vinaweza kubeba uzito wa namna hiyo, Kapteni William Siborne alikwisha kuonja. Afisa huyo wa Uingereza aliishi miezi kadhaa katika uwanja wa Waterloo akiupima, akawaandikia barua maafisa walionusurika, kisha akatengeneza mfano wa vita hivyo wenye askari wadogo zaidi ya 70,000, ulioonyeshwa London mwaka wa 1838. Tatizo lilikuwa wingi wa Waprussia aliowaweka, kwani ulionyesha kwamba ushindi haukuwa wa Duke wa Wellington peke yake. Wakubwa hawakupendezwa. Serikali ilikuwa imeshakataa kuendelea kugharamia kazi hiyo, na Siborne akabaki na madeni. Baadaye alikubali kuwapunguza Waprussia, naye akafariki 1849. Mfano wake ungali katika Makavazi ya Kitaifa ya Jeshi jijini London.

Ugomvi huo wote ulihusu vipande vya madini vifupi kuliko kidole. Anayepaka kikosi cha The Silver Bayonet leo hana waziri wa kumtisha, na zimwi analo ruhusa ya kulivisha apendavyo. Koti la askari anayesimama mbele ya zimwi hilo lilivaliwa na mtu halisi, na vitabu vya kuonyesha lilivyokuwa vipo. Inafaa vifunguliwe kabla ya kifuniko cha rangi.