Simu ya Zawadi Iliyonyamaza

Akina mama wenzetu, ni nani asiyeijua Krismasi ya kwetu Mwika? Watoto wanapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, na kila kihamba kinasikika vicheko. Zamani mtoto alimletea mama yake kitenge na sukari. Siku hizi huja pia na simu.

Mama mmoja wa kikundi chetu alipewa simu ya namna hiyo Krismasi ya mwaka 2015. Ilikuwa inang'aa, ina laini mbili na redio yenye sauti kubwa. Kijana wake aliinunua barabarani mjini, kwa bei nafuu, bila risiti. Mama aliipenda sana. Wachuuzi wa ndizi walimpigia kabla ya siku ya soko, naye akajua akate mikungu mingapi. Ada ya binti yake nayo ilitokana na biashara hiyo.

Usiku wa tarehe 16 Juni, 2016, simu ile ilinyamaza. Kulipokucha iliwaka kama kawaida, saa ilikwenda na tochi ilimulika, lakini haikupiga wala kupigiwa.

Kulitokea nini?

Usiku ule Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizifungia simu bandia nchini. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamefanya hivyo mwaka 2012. Kila simu halali ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, iitwayo IMEI. Ni kama alama anayowekewa ng'ombe ili ajulikane ni wa nani. Simu bandia huwa na namba ya uongo, au namba moja hutumiwa na simu nyingi. Ikiibiwa, ni vigumu kuitambua. Tena hakuna ajuaye nani aliipima betri yake.

Sababu hizo tulizikubali. Hata hivyo, jambo moja lilituuma. Aliyepata hasara ni mnunuzi, tena mara nyingi yule mwenye fedha kidogo. Muuzaji wa barabarani alikuwa amekwisha kwenda zake na pesa mfukoni.

Lakini hasara ya mwenzetu haikuwa ya fedha tu. Hakumwambia mwanawe. "Nikisema ni ya bandia, ataona namdharau," alituambia baadaye. Wiki tatu zikapita. Kijana alipiga, hakumpata. Kwanza alidhani mama amekasirika, kisha akadhani ameugua. Mwishowe alimtuma mtu kutoka Himo apande kumtazama. Mtu yule alimkuta mama shambani akipalilia, mzima kabisa! Siku waliposikilizana kwa simu ya jirani, mama na mwana walilia wote wawili.

Laiti angalituuliza mapema! Pesa za simu hukaa kwenye laini, si kwenye simu. Angaliweza kuitia laini yake katika simu ya jirani siku ile ile, akampigia mwanawe na kuwajibu wachuuzi wake.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kulipa, bonyeza *#06#. Namba itatokea kwenye kioo; simu ya laini mbili hutoa namba mbili. Ilinganishe na ile iliyo kwenye boksi. Kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, nawe utajibiwa aina ya simu. Ukijibiwa jina lisilo la simu uliyoishika, irudishe.

Pili, dai risiti na dhamana. Wakati ule TCRA iliwahimiza wanunuzi wadai dhamana isiyopungua miezi 12. Muuzaji anayekataa kuandika risiti amekwisha kukuambia ukweli wa mali yake.

Tatu, andika namba ya IMEI na namba za simu za watoto wako katika daftari la nyumbani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Simu ikipotea, namba hiyo ndiyo itakayosaidia kuifungia.

Tunajua kuna atakayesema, "Lakini ni zawadi, nitaulizaje?" Mama mpendwa, sokoni tunamfungua mbuzi mdomo tukamtazama meno, hata kama muuzaji ni shemeji yetu, wala hakasiriki. Kuuliza si kudharau. Mtoto anayempenda mama yake hatapenda apewe kitu kitakachomwacha njiani. Mwambie kwa upole, "Ahsante sana, mwanangu. Na risiti yake iko wapi?"

Na kama tayari umepewa kitu kibovu, usikifiche. Zawadi iliyoharibika hununuliwa nyingine. Wiki tatu za mama na mwana kutosikilizana haziuzwi dukani.