Msiniulize nani kamroga mama, niambieni ilianza lini

Wiki hii nimepigiwa simu nyingine kutoka Akheri: "Daktari, mama amebadilika ghafla. Usiku halali, anaongea na marehemu baba, jana kanifukuza kama mwizi. Tunataka kwanza tujue amefanyiwa na nani, halafu ndiyo tumlete." Swali hili ninaulizwa na watu wa Sakina na wa Ngaramtoni, waliosoma na wasiosoma. Nimelijibu kliniki, nimelijibu msibani, leo nalijibu gazetini.

Mtu mwenye miaka 60 au zaidi, ambaye hajawahi kuugua akili maishani mwake, akichanganyikiwa ndani ya saa chache au siku mbili tatu, chukulia kwamba mwili wake unaumwa mpaka vipimo viseme vingine. Wodini tunaiita deliriamu: ubongo umezidiwa na ugonjwa ulioanzia kwingine. Huenda ni maambukizi ya mkojo, nimonia au malaria. Huenda sukari imeshuka au imepanda mno, au chumvi ya damu imepungua kwa sababu ya vidonge vya presha vinavyokojoza. Kwa wazee wa kiume wenye tezi dume iliyovimba, kibofu kikijaa mkojo usiotoka, akili inaweza kuvurugika, na wapo wanaotulia baada ya kuwekewa mpira wa mkojo tu. Alianguka bafuni wiki tatu zilizopita mkaona hana jeraha? Damu inaweza kuwa inavuja polepole ndani ya fuvu. Hata Piriton mliyomnunulia duka la dawa kwa ajili ya mafua inatosha kumchanganya mzee.

Ugonjwa huu una sura yake. Asubuhi anawatambua wote, jioni hamjui hata mwanawe. Hawezi kushika jambo moja: mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume, atapotea kwenye Ijumaa. Vidole vinachokonoa shuka, anaokota vitu visivyokuwepo. Wengine hawapigi kelele kabisa, wanalala tu na kuitika kwa shida, na hao ndio wanaocheleweshwa zaidi kwa sababu hawasumbui mtu.

Sasa niingie kwenye hilo la kufanyiwa, maana ndilo linalonizikia wagonjwa.

Familia huniletea ushahidi wa aina tatu. Kwanza, inamjia usiku, kwa hiyo ametumiwa. Deliriamu mara nyingi huzidi giza linapoingia: macho ya mzee hayaoni vizuri, usingizi umevurugika, kivuli cha koti ukutani kinakuwa mtu. Pili, alikuwa na ugomvi wa shamba. Huku mlimani ardhi imebana, migomba na kahawa vimegawanywa mpaka havigawanyiki tena. Nionyesheni ukoo usio na ugomvi wa mpaka. Ukitafuta adui wa mzee yeyote Meru, utampata kabla ya saa sita mchana, awe mgonjwa au mzima. Tatu, ushahidi unaotajwa kwa sauti kubwa kuliko yote: "Aliombewa, asubuhi akaamka vizuri." Ndiyo, aliamka vizuri, kwa sababu ugonjwa huu hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Angeamka hivyo bila kuguswa na mtu. Mkatoa ushuhuda, mkarudi nyumbani, na jioni ikaanza tena. Safari hiyo mkasema adui ameongeza nguvu.

Kuamini peke yake kusingeniudhi hivi. Kinachoniudhi ni tiba inayofuata. Mgonjwa anapelekwa mahali pa maombezi, anafungishwa bila chakula siku tatu, na mara nyingi vidonge vyote vinawekwa pembeni kwa jina la imani. Chukua baba mwenye kisukari anayemeza glibenklamaidi. Akiendelea kupewa vidonge huku ananyimwa chakula, sukari inashuka na kubaki chini kwa muda mrefu, hasa kama figo zimechoka. Atatoka jasho, ataropoka, atapigana, atapata degedege. Waliomzunguka watasema pepo linapambana. Ni ubongo unaokufa kwa kukosa glukosi. Vidonge navyo vikiachwa kabisa, sukari inapanda na anaingia kwenye njia nyingine ya kuzimia.

Au chukua mzee aliyekunywa gongo au konyagi kila siku kwa miaka mingi. Anafika kwenye kambi ya maombezi, pombe inakatwa siku hiyo hiyo. Siku ya pili anatetemeka. Siku ya tatu anaona wadudu wakitambaa mwilini, anapiga mayowe, moyo unakimbia, jasho linamtoka, joto linapanda. Kila aliyepo anashangilia kwamba sasa linatoka. Hiyo ni deliriamu ya kuacha pombe ghafla, na inaua. Anahitaji wodi, diazepamu, vitamini B1 kwa sindano na maji, na anazihitaji usiku huo huo. Kumfunga kamba kunamzidishia joto na kumkausha maji, na misuli inayopambana na kamba inaumiza figo.

Mkoa wetu ulitakiwa kuwa umejifunza. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanda kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kilisemwa kinaponya ukimwi, kisukari, kansa. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, watu walitolewa vitandani hospitalini, baadhi wakafia njiani. Walioumizwa zaidi ni wale waliorudi nyumbani wakiamini wamepona na kuacha dawa. Mwasapile alifariki mwaka 2021, lakini kosa lile la kuacha dawa kwa sababu mtu fulani amesema umepona bado linaletwa kwenye milango yetu.

Siwazuii kuomba. Mchungaji, padri, shehe, wote wanakaribishwa kando ya kitanda. Waje wodini, dripu ikiwa inaenda.

Ya kufanya ni haya. Aliyechanganyikiwa ghafla afike hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya kikao cha ukoo: Mount Meru kwa wa mjini, Nkoaranga au hospitali ya wilaya Tengeru kwa wa Meru, Selian kwa wa Ngaramtoni. Ombeni sukari ipimwe kabla ya maelezo marefu. Bebeni vidonge vyote kwenye mfuko, hata vya kienyeji, na semeni ukweli kuhusu pombe. Andikeni ilianza lini, aliangukia wapi, amekojoa lini. Aje mtu anayelala naye nyumba moja, si yule mwenye gari tu. Mzee akikataa, asiamrishwe na mwanawe. Atafutwe mwenzake wa rika amshike mkono. Hospitali za serikali zina utaratibu wa wazee, uliza dirisha lao.

Vipimo vikitoka safi, basi huenda ni sonona, shida ya akili ya uzeeni au ugonjwa mwingine wa akili, na hiyo pia ina msaada wa kitabibu. Ataonwa Mount Meru au KCMC Moshi. Mirembe, Dodoma, ni kwa wachache. Kwa asiyekubali kulazwa, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu, ulizeni daktari. Msibishane na mgonjwa kuhusu anachokiona. Mzazi akisema amechoka kuishi, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Na leo hii toeni sumu za nyanya na kahawa ndani ya nyumba mzifungie mbali. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali, vifo vya kujiua vilishuka kwa kiasi kikubwa. Panga na bunduki navyo vifungiwe mbali vivyo hivyo.

Mama akishapona, iteni tena kikao kile kile kilichomtaja shangazi au jirani kuwa ndiye aliyemroga, mseme mbele ya wote kilichokuwa kinamuumiza: ni mkojo, ni sukari, ni damu kichwani. Nchi hii wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mliyemtaja hadharani, msafisheni hadharani.