Elimu anayo, maneno hayatoki: namna ya kumsaidia mtaalamu, na mtoto, kusema mbele za watu

Katika utani wa makabila, Mpare husemwa kwamba yuko tayari kuuza ng'ombe ili apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Ni utani, lakini ndani yake kuna sifa: mtu wa milimani hakubali jambo lake lipite bila kulisemea.

Hata hivyo, kutetea jambo lako mbele ya jirani ni tofauti na kusimama mbele ya mkutano ukiwa muuguzi, mwalimu mkuu, afisa ugani au mtendaji wa kijiji. Hapo ndipo wengi waliosoma vizuri, wanaoijua kazi yao, hutokwa jasho na kuishia kusoma karatasi huku wameinamisha kichwa.

Katika kata kama Bombo, iliyo kwenye milima ya Upare Kusini wilayani Same (si ile Bombo ya hospitali jijini Tanga), jambo hili lina uzito wa pekee. Kijijini mtaalamu akishindwa kueleweka, mara nyingi hakuna mwingine wa karibu wa kuulizwa.

Kisheria, Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa, na hapo ndipo mambo mazito ya ardhi ya kijiji huidhinishwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Watu wakiinua mikono kukubali jambo ambalo hawakulielewa, hasara ni ya kijiji kizima.

Wapare wana kumbukumbu ya jambo la namna hiyo. Januari 1945, maelfu yao waliteremka hadi Same kupinga kodi ya mbiru, iliyotaka kila mtu akadiriwe kulingana na mali na kipato chake. Moja ya malalamiko ilikuwa namna makadirio yenyewe yalivyofanywa. Walikaa huko kwa muda mrefu wakitaka kusikilizwa, na hatimaye kodi hiyo iliondolewa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliliandikia tukio hilo kitabu kilichotoka mwaka 1971.

Kifuko kimoja, lita moja

Tofauti kati ya kusema na kueleweka huonekana wazi siku ya kliniki. Chukua mfano wa muuguzi anayewaambia kina mama hivi: "Mnasisitizwa kuzingatia matumizi sahihi ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini kwa mujibu wa mwongozo." Kila neno ni sahihi. Lakini mama anarudi nyumbani bila kujua afanye nini usiku mtoto akianza kuharisha.

Muuguzi mwingine anainua kifuko cha ORS kwa mkono mmoja na chupa ya lita moja kwa mkono wa pili. Anasema: "Kifuko chote kimoja, maji safi na salama lita moja. Ukishachanganya, tumia ndani ya saa 24, yanayobaki mwaga." Anaeleza kwamba maji yakiwa machache chumvi inazidi, na hiyo inaweza kumdhuru mtoto. Anaongeza kuwa vidonge vya zinki havikatishwi hata kama kuharisha kumekoma. Mtoto amalize siku zote alizoandikiwa.

Kisha anafanya jambo moja ambalo wasemaji wengi hulisahau. Hawaulizi, "Mmeelewa?", kwa sababu jibu la swali hilo huwa "Ndiyo" hata kwa asiyeelewa. Anamwomba mama mmoja: "Dada, hebu nisaidie kuwaeleza wenzako tunachanganyaje." Pale mama huyo atakapokwama, muuguzi anajua kwamba ni maelezo yake yaliyokuwa na kasoro, na anayarudia kwa namna nyingine.

Njia hiyo inamfaa pia mweka hazina wa kamati ya shule. Badala ya kusoma kurasa nne za risiti, anaweza kuandika ubaoni namba tatu tu: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Risiti zikae mezani kwa anayetaka kuzikagua.

Hofu haimaanishi huwezi

Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka na viganja kulowa jasho ni kazi ya homoni ya adrenalini, ambayo mwili huitoa unapohisi hatari. Huwapata hata waliozoea, na mara nyingi hupungua dakika chache baada ya kuanza. Kwa hiyo sehemu ngumu zaidi ni mwanzo, na mwanzo ndio unaohitaji maandalizi makubwa zaidi.

Msemaji azishike kichwani sentensi mbili za kwanza na ile ya mwisho. Katikati aandike hoja tatu kwenye kikaratasi kidogo, si hotuba nzima. Kabla ya kusimama, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, mara tatu au nne. Afike mapema, awaamkie wazee shikamoo na azungumze na wawili watatu; atakaposimama atakuwa anaongea na watu anaowafahamu, si umati.

Salamu za itifaki nazo zina kipimo. Kumtaja kila kiongozi kwa cheo chake kunaweza kumaliza dakika tano ambazo watu walikuwa wangali na usikivu. Baada ya kumtambua mwenyekiti na wageni, "itifaki imezingatiwa" inatosha.

Anayekwenda kuwasilisha taarifa halmashauri kwa projekta ana mtego mwingine: kujaza maneno ukutani kisha kuyasoma akiwa amewapa watu mgongo. Mistari mitatu au minne kwa kila ukurasa inatosha. Na umeme ukikatika, karatasi ya manila na kalamu nzito vitaokoa kikao.

Mazoezi yanaanzia jikoni

Mtu mzima anayetetemeka mbele ya watu mara nyingi alikuwa mtoto aliyeambiwa kwamba adabu ni kunyamaza. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, na hakuna haja ya kuiondoa. Lakini mtoto anaweza kufundishwa vyote viwili: kusubiri zamu yake, na kuitumia zamu hiyo inapofika.

Mwaka 1924 huko California, Marekani, Ralph Smedley alianzisha klabu za Toastmasters, ambazo leo zimeenea duniani. Wanachama hupeana zamu za kutoa hotuba fupi, nyingi za dakika tano hadi saba. Mmoja anashika saa, mwingine anamweleza msemaji alichofanya vizuri na cha kurekebisha. Utaratibu huo hauhitaji ukumbi. Nyumbani, dakika mbili baada ya chakula cha jioni zinatosha: leo mtoto aeleze mchezo ulivyokuwa shuleni, kesho dada yake aeleze hatua za kupika makande, keshokutwa baba aeleze kazi yake kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la tatu ataelewa.

Kanuni ziwe mbili. Hakuna anayemcheka anayesema, na hakuna anayemmalizia sentensi. Mtoto akikwama, wakubwa wahesabu kimoyomoyo hadi tano. Mara nyingi neno hujitokeza lenyewe.

Suala la lugha huwatia wazazi wasiwasi. Mtoto wa Bombo anaweza kuongea Chasu na bibi yake, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakutana na Kiingereza kama lugha ya masomo kidato cha kwanza. Wengi waliokuwa wachangamfu hunyamaza mwaka huo. Kumkataza Chasu hakumsaidii. Kupanga habari, kuanza na lililo muhimu na kutoa mfano ni stadi ileile katika lugha zote. Anayeweza kumweleza bibi kwa nini mahindi yamekauka anakosa msamiati tu wa kulieleza jambo hilo kwa Kiingereza, na msamiati hujifunzwa. Kinachomfaa ni kulieleza kwanza kwa lugha anayoimudu, kisha kujaribu sentensi tatu kwa Kiingereza bila kuogopa makosa.

Miaka michache baadaye mtoto huyo ataitwa kwenye usaili. Kwa ajira za serikali, Sekretarieti ya Ajira huwa na usaili wa kuandika na ule wa mahojiano ya ana kwa ana, na wapo wanaofaulu vizuri karatasi kisha wakakwama mbele ya jopo walipoombwa wajieleze kwa dakika mbili. Aliyekuwa akipewa dakika hizo kila jioni nyumbani atakuwa ameshazoea kuzitumia.