Kifafa na Tegu wa Nguruwe: Jambo Linalomhusu Hata Asiyemla



Wengi miongoni mwetu hudhani kwamba mtu asiyetia nyama ya nguruwe kinywani mwake amekwisha salimika na dhara zote za mnyama huyo. Kwa upande wa halali na haramu, amesalimika. Ama kwa upande wa maradhi, sivyo mambo yalivyo. Na waliotubainishia haya ni matabibu waliotumia miaka mingi wakitafuta asili ya kifafa katika vijiji vya Tanzania.

Miongoni mwao ni Profesa Andrea Winkler, bingwa wa maradhi ya ubongo kutoka Ulaya. Katika miaka ya 2000 alifanya uchunguzi katika hospitali ya Haydom, upande wa Mbulu, kaskazini ya nchi. Huko yeye na wenzake waliwapiga picha za ubongo wagonjwa wa kifafa 212, na 38 kati yao wakaonekana wana alama za vifuko vya tegu wa nguruwe vichwani mwao. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2009. Basi maradhi ambayo watu huyanasibisha na uchawi au majini, yakadhihiri kuwa huweza kuwa na sababu ionekanayo kwa macho.

Baadaye uchunguzi huo ulielekea Nyanda za Juu Kusini, na haukwenda huko bure. Huko Iringa ilikwisha julikana, kwa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, kuwa nguruwe 8 hivi katika kila 100 wana vifuko hivyo ulimini. Na huko Mbozi, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Mbeya hadi ulipoundwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016, walipimwa watu 830 wa vijiji 13. Habari za mwaka 2013 zaeleza kuwa watu 5 hivi katika kila 100 walikuwa na dalili za tegu tumboni, na 16 au 17 walikuwa na dalili za vifuko mwilini. Ndipo tabibu wa watu aliposhirikiana na tabibu wa wanyama, Profesa Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na wagonjwa wakapimwa katika hospitali za wilaya, kama vile Vwawa na Tukuyu.

Sasa tuzingatie njia ya maradhi haya. Mtu alapo nyama ya nguruwe yenye vifuko, isiyoiva barabara, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka pamoja na kinyesi. Mwenye tegu akijisaidia porini, au akitoka chooni bila ya kunawa, mayai huingia katika maji, katika mboga na katika chakula apikacho. Yeyote ayamezaye, awe mla nguruwe au asiwe, watoto wa tegu huanguliwa tumboni mwake, wakachukuliwa na damu hata ubongoni, wakajifanya vifuko. Kifafa huweza kumzukia baada ya miaka. Kwa hiyo anayekula na asiyekula, wakinywa kisima kimoja, hatari yao ni moja.

Hata hivyo, si kila kifafa kina asili hiyo. Kipo kitokanacho na taabu za uzazi, na kuumia kichwa, na malaria kali. Lakini chochote kiwacho asili yake, kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa wala kwa mate yake. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwaka 1960, alikuta wagonjwa walioungua kwa kuangukia motoni, na watu wakiogopa kuwagusa. Ole wetu tukimwacha mtu aungue kwa khofu isiyo na msingi!

Mwanamke mwenye kifafa alipomjia Mtume (S.A.W.), hakufukuzwa wala hakutiwa aibu, alisikilizwa na kuombewa dua. Basi nasi tumwondoe mgonjwa penye moto na maji, tumlaze ubavu, tusimtie kitu kinywani, kisha tumpeleke hospitali. Dawa asiiache ghafla, hata katika Ramadhani, bila ya shauri la tabibu. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake. Tena tuchimbe vyoo, tunawe kwa sabuni, tuoshe mboga na tuchemshe maji. Twahara tuliyofundishwa kwa ajili ya sala ni ngao ya ubongo pia.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe huruma. Amin.