Mgonjwa haulizwi uji, lakini maombi aulizwe

Ukiingia katika wadi za hospitali za Meru au Embu saa za kuwatazama wagonjwa, kuna jambo moja ambalo ni nadra kulikosa. Akina mama wa kanisa, vitambaa vya chama chao vichwani, huingia na chupa za uji na ndizi mbivu. Wakishamjulia hali mgonjwa wao, mmoja husema, "Natuombe." Macho hufumbwa, hata ya wagonjwa wa vitanda vya jirani ambao wageni hao hawawajui.

Hata hivyo, huenda katika mojawapo ya vitanda hivyo amelala mtu ambaye macho yake yamebaki wazi. Si Mkristo, si Mwislamu, wala hafuati mila za wazee. Haamini kuwa yuko Mungu anayesikiliza. Je, mtu kama huyo huhisi vipi anapoombewa?

Swali hilo huulizwa kwa nadra kwa kuwa wengi wetu hudhani watu hao hawapo. Wapo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 wasio na dini, yaani takriban 16 katika kila watu 1,000. Chama chao kiliposajiliwa Februari 2016, usajili huo ulisimamishwa Aprili mwaka uo huo, ukaja kurejeshwa baadaye. Si ajabu, basi, kwamba wengi wao huamua kunyamaza, hasa mashambani ambako kila mtu anamjua mwenzake. Mtu mzima wa afya aweza kukwepa mkutano wa maombi kwa kisingizio cha kazi. Aliyelazwa, mshipa wake umeunganishwa na chupa ya maji, hana pa kwenda.

Dawa na dua

Ili kuielewa hali hii, yafaa kukumbuka kwamba katika eneo hili la Mlima Kenya tiba na dua hazijawahi kutengana. Kabla ya kuja wamisionari, mgonjwa alipelekwa kwa mganga, naye alitafuta chanzo cha maradhi hata miongoni mwa wafu, na mara nyingi mbuzi alichinjwa ili mkosi uondoke. Wameru walikuwa pia na Mugwe, kiongozi wa kiroho aliyewaombea na kuwabariki watu wake. Wazee wa Embu nao waliomba wakiuelekea mlima wenyewe, Kirinyaga.

Wamisionari walipofika waliendeleza ndoa hiyo kwa namna nyingine. Waanglikana walifungua kituo Kigari, Embu, mwaka 1910. Daktari Irvine wa Kanisa la Scotland alianza kazi Chogoria mwaka 1922. Wakatoliki wa Consolata walijenga hospitali za Nkubu na Kyeni, na Wamethodisti wakajenga ya Maua. Maelfu ya watu waliokolewa na hospitali hizo, na ndani yake Injili na sindano vilitolewa chini ya paa moja.

Kutokana na historia hiyo, maombi yamekuwa sehemu ya adabu ya kuuguza. Anayeyakataa huonekana kana kwamba amekataa kusalimiwa.

Hisia si moja

Yeyote atakayedhani kwamba wasioamini wote hukasirika wanapoombewa amekosea. Wapo wanaoshukuru, kwa kuwa wanasikia upendo ulio nyuma ya maneno hata kama maneno yenyewe hayawagusi. Wapo wanaoona haya, kwa sababu kufumba macho ni kujifanya na kuyaacha wazi ni kuwavunjia wageni heshima. Wapo wanaoudhika pale madaktari waliokesha wanapokosa kutajwa katika shukrani. Na wapo wanaoumia zaidi wanapoombewa toba badala ya afya.

Mwanafalsafa wa Marekani, Daniel Dennett, ambaye hakuwa muumini, alifanyiwa upasuaji mkubwa wa mshipa wa moyo mwaka 2006. Alipopona aliandika kwamba shukrani zake ziliwaendea madaktari, wauguzi na watafiti. Kwa marafiki waliomwombea, alishawishika kuwauliza kwa mzaha iwapo walichinja mbuzi pia. Huko kwao mbuzi alikuwa mzaha. Kwetu, wapo wazee wanaokumbuka mbuzi wa kweli.

Mwandishi Christopher Hitchens naye, aliyeugua saratani mwaka 2010 na kufariki Desemba 2011, alitengewa siku nzima ya kuombewa, Septemba 20, 2010. Aliwatofautisha waombaji wake: waliomtakia kupona, waliotaka aongoke, na waliofurahia mateso yake. Nia njema aliipokea, ila hakutaka saratani igeuzwe chambo cha kumvulia.

Mwalimu na muuguzi

Baba mdogo wangu, mwalimu mstaafu, alilazwa miaka kadhaa iliyopita katika hospitali moja upande wa Embu akiugua figo. Aliacha kuamini tangu ujana wake, jambo ambalo jamaa zake tulilijua bila kulizungumza. Muuguzi mmoja, mwanamke mwenye huruma nyingi, alimshika mkono na kumwombea kila asubuhi kabla ya kumpa dawa. Hakumuuliza hata siku moja.

Nilipomuuliza kwa nini hakumwomba akome, alinijibu kwa swali: "Wewe ungethubutu kumuudhi mtu ambaye usiku ndiye atakayekuitikia ukiita?"

Jibu hilo lilinifungua macho. Muuguzi yule, nina hakika, asingemnyima baba mdogo dawa. Lakini mgonjwa hawezi kuwa na hakika hiyo saa nane za usiku. Jirani anaposema "amina" asiyoiamini, huwa ametoa adabu. Mgonjwa anapoisema kwa kuwaogopa wanaomlisha na kumgeuza kitandani, mambo ni mengine. Aidha, gharama zake zililipwa kwa mchango ulioitishwa na kanisa la mkewe, na deni hilo la wema lilimfanya azidi kunyamaza.

Utafiti na sheria

Wapo watakaosema kwamba maombi, hata yasipotakiwa, hayadhuru. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Dkt Herbert Benson wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Miongoni mwa wasiojua kama wanaombewa, walioombewa walipata matatizo kwa asilimia 52 na wasioombewa kwa asilimia 51. Waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walifikia asilimia 59. Watafiti wenyewe walikiri kwamba huenda tofauti hiyo ya mwisho ilitokea kwa bahati tu. Uchunguzi huo haukuwahusu wasioamini, wala hauwezi kuamua kama Mungu yupo. Unachotuonya ni kwamba kumwambia mgonjwa anaombewa si lazima kumpe nafuu.

Sheria nayo iko wazi. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa dhamiri na dini, kinakataza mtu kunyimwa huduma kwa sababu ya imani yake, na kinasema asilazimishwe kutenda jambo linalokiuka imani hiyo. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inampa kila mtu haki ya kutunzwa kwa heshima na kulindiwa faragha. Ngao hiyo haibagui. Mkristo hapaswi kutambikiwa kwa nguvu na jamaa zake, na asiyeamini hapaswi kuwekewa mikono bila ridhaa.

Hata hivyo, si haki kumhukumu anayeomba. Kwa muumini, kumtazama ndugu akiteseka bila kumwombea ni sawa na kumwona akizama na kukataa kumrushia kamba. Kumwambia anyamaze kabisa ni kumnyang'anya kitu cha thamani kubwa zaidi alicho nacho.

Njia ya kati ipo, na nimeiona. Rafiki wa baba mdogo, mzee wa kanisa, alifika wodini akaketi, akamwambia: "Mwalimu, nataka kukuombea. Niombe hapa au nikifika nyumbani?" Baba mdogo alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Omba nyumbani," akajibu. "Hapa nisomee gazeti." Mzee akalifungua, akasoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa michezo. Sina shaka kwamba usiku ule alipiga magoti kwake na kumtaja rafiki yake kwa jina. Hakuna aliyepoteza chochote.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, maana hana nguvu za kuomba na njaa yake inajulikana. Lakini imani yake haijulikani kwa kumtazama usoni. Hospitali ziweke swali hilo katika fomu za kumpokea mgonjwa, na wanaokuja kuona wagonjwa waulize kabla ya kufumba macho. Akikubali, na aombewe kwa moyo wote. Akikataa, uji bado umo katika chupa, na mkono wa kumnywesha upo.